Saa 20 kwa Wiki: Hesabu Ambayo Wakala Hakupigii

Kila kikao cha familia cha kumpeleka mtoto kusoma nje kina sentensi moja isiyokosekana. Barua ya chuo imeshapita mikononi mwa wajomba na mashangazi, kiasi cha ada kimesomwa kwa sauti mara mbili, sebule imenyamaza. Ndipo anajitokeza mmoja, mara nyingi yule aliyekwisha kuongea na wakala wa vyuo vya nje: "Tumlipie muhula wa kwanza tu. Akishafika kule atabeba boksi, atajilipia mwenyewe." Watu wanashusha pumzi. Daftari la michango linafunguliwa.

Makala haya yanaichunguza sentensi hiyo. Ina ukweli ndani yake: Uingereza, Marekani, Canada, Ujerumani, Australia na Finland zote humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi. Lakini kanuni za kazi zimetungwa na mtu aliyekwisha kuamini kuwa ada imelipwa na chakula kipo. Viza yenyewe hutolewa kwa sharti la kuthibitisha hivyo. Anayeondoka nyumbani akitegemea kazi ilipe ada anaingia katika utaratibu ambao haukujengwa kwa ajili yake, na mara nyingi hugundua hilo mwezi wa tatu, baridi ikiwa imekolea na chuo kinadai.

Fedha za nani?

Tuanze na Uingereza, kwa sababu utaratibu wake umeandikwa kama mtihani wa hesabu. Tangu Oktoba 2020 viza ya mwanafunzi hutolewa kwa pointi 70: pointi 50 kwa nafasi ya masomo, 10 kwa fedha na 10 kwa Kiingereza. Chuo kikikukubali hukupa namba ya uthibitisho, na bila namba hiyo huwezi kuanza maombi. Mkazi wa Tanzania, Kenya au Uganda anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza katika kliniki iliyoidhinishwa. Aprili 2025 ada ya maombi ilipanda hadi pauni 524. Juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, ambayo kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hufika pauni 1,164, kwa kuwa viza huongezewa miezi minne baada ya kozi na miezi hiyo nayo hulipiwa.

Pointi kumi za fedha ndizo zinazoangusha wengi. Mwombaji aoneshe ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa, pamoja na fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2025 hizo zilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi kwa anayesoma London na 1,136 kwa anayesoma nje ya London. Kufikia mwishoni mwa mwaka huohuo vilikuwa vimepanda tena. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi.

Taarifa ya benki ya mwombaji wa kawaida huonekana hivi. Tarehe 3 akaunti imejaa. Tarehe 19 mama amepata dharura ya hospitali, ametoa kidogo. Tarehe 22 amezirudisha zote, hata na ziada. Kwa macho ya familia hakuna kilichoharibika, deni limelipwa ndani ya siku tatu. Kwa macho ya ofisa wa viza, siku 28 zimeanza kuhesabiwa upya tarehe 22. Aliyetuma maombi tarehe 2 ya mwezi uliofuata ameshindwa mtihani wenye pointi kumi tu, na ada ya maombi hairudi.

Jambo la pili linaumiza zaidi kwa sababu linagusa namna tunavyoishi. Kanuni inakubali akaunti ya mwombaji mwenyewe, ya mwenzi wake, au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, na ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Baba mdogo hayumo. Mama mkubwa aliyekulea tangu darasa la pili hayumo, kama hana hati ya mahakama inayomtambua kuwa mlezi wako. Kwetu baba mdogo ni baba na hakuna anayehitaji karatasi kulithibitisha hilo. Kule ni mtu baki mwenye akaunti nzuri. Familia inayojua hili mapema humhamishia mwombaji fedha miezi kadhaa kabla. Isiyojua hulisoma katika barua ya kukataliwa. Kiwanja, hisa za SACCOS na gari navyo havihesabiki, kwa kuwa kinachotakiwa ni fedha taslimu zilizopo benki.

Dirisha la dakika tatu

Marekani mzani ni mwingine. Chuo hutoa fomu inayojulikana kwa namba yake, I-20, nawe unalipa dola 350 za mfumo wa kufuatilia wanafunzi na dola 185 za maombi ya viza. Kisha unapanga foleni ubalozini. Hakuna pointi. Kuna ofisa nyuma ya kioo, na kuna kifungu cha sheria ya uhamiaji, 214(b), kinachomtaka ofisa huyo aanze kwa kudhani kwamba wewe ni mhamiaji mpaka umthibitishie vinginevyo. Mahojiano mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Hapa baba mdogo anaruhusiwa kuwa mdhamini, lakini ofisa anaweza kuuliza kwa nini mtu mwenye watoto wake wanne amsomeshe wa kaka yake, na jibu linatakiwa hapohapo.

Katika dirisha hilo, ile sentensi ya kikaoni ni sumu. Mwombaji anayesema "nitafanya kazi nilipe ada" amekiri mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba fedha hana, na kwamba anakwenda kutafuta kazi. Kuna wanaokataliwa wakiwa wamefaulu vizuri darasani na kushangaa ni kwa nini, kumbe walisema ukweli ambao mfumo haukuwa na mahali pa kuuweka.

Milango ya huko imezidi kuwa mizito. Tangu Juni 2025 mwombaji wa viza ya masomo anatakiwa kuziacha wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Mwezi huohuo Burundi iliwekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiliwa viza kadhaa, za wanafunzi zikiwemo, na Desemba 2025 Tanzania nayo ikaongezwa katika kundi la vizuizi vya sehemu. Hakuna maandalizi ya mwombaji yanayoweza kufuta tangazo la rais wa nchi nyingine. Kwa hiyo, anayepanga leo aanze kwa kuuliza kama mlango upo, kabla ya kuuliza namna ya kuupita.

Tofauti moja huwachanganya hata walioko huko tayari. Viza iliyogongwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kubisha hodi mpakani. Ukishaingia, kinachokuweka ndani kihalali ni hadhi yako ya uanafunzi: umesajiliwa, unasoma idadi kamili ya masomo, I-20 yako ni hai. Viza inaweza kuisha muda wewe ukiwa darasani na usivunje sheria yoyote. Shida utaipata siku ukitoka nje ya nchi na kutaka kurudi. Kinyume chake, mwenye viza ya miaka iliyobaki anaweza kupoteza hadhi yake kwa kuacha somo moja bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, au kwa zamu mbili za kazi mahali pasiporuhusiwa.

Wiki ina siku ngapi?

Sasa kazi yenyewe. Watu husema "saa 20" kana kwamba ni kanuni moja ya dunia nzima. Kila nchi hupima kwa kipimo chake.

Uingereza, mwanafunzi wa shahada hufanya saa zisizozidi 20 katika wiki ya muhula. Anayesoma ngazi iliyo chini ya shahada, saa 10. Wiki huanza Jumatatu na kuishia Jumapili, na hakuna wastani. Saa 25 wiki hii na 15 wiki ijayo ni kosa, hata kama jumla ni 40. Mwenye ajira mbili huzijumlisha, na kazi ya kujitolea isiyo na malipo nayo huhesabiwa. Mfano wa wazi ni mfanyakazi wa nyumba ya wazee mwenye zamu mbili za saa kumi, Jumamosi na Jumapili. Wiki yake imejaa. Jumatano msimamizi anampigia simu, mwenzake ameugua, amsaidie saa sita tu. Kwa malezi yetu, mwenzako akiugua unashika nafasi yake. Akikubali, amevunja sharti la viza, na ushahidi upo kwenye hati yake ya mshahara, ambayo mamlaka ya kodi inaiona.

Likizo nazo zina mtego. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kufanya kazi saa zote wakati chuo kimefungwa. Wa shahada ya uzamili, ambaye ndiye Mwafrika Mashariki tunayemkuta sana huko, hutumia miezi ya kiangazi kuandika tasnifu, na kwa kawaida muda huo chuo huuhesabu kuwa ni masomo. Wenzake wanaongeza zamu Julai, yeye bado ana saa 20 zilezile.

Kisha kuna marufuku ambayo wengi huivunja bila kujua: kujiajiri. Binti anayewasuka wenzake chumbani kwake Jumamosi kwa pauni arobaini kichwa kimoja anafanya biashara. Vivyo hivyo anayepika maandazi na pilau kwa oda za kundi la WhatsApp la Wabongo wa mji huo, anayesambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu, na anayelipwa kwa video zake mtandaoni. Dada huyo wa nywele hajaiba kitu wala hajamnyang'anya mtu ajira, na nyumbani tungemwita mchapakazi. Viza yake, hata hivyo, inamruhusu kuajiriwa tu. Ubaya wa kujiajiri ni kwamba hakupimwi kwa saa: hata kichwa kimoja ni kosa. Waajiri nao wamekuwa waangalifu, kwa sababu tangu Februari 2024 faini ya kumwajiri asiyeruhusiwa imepanda hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la mara ya kwanza. Duka lisilouliza karatasi zako linakuambia jambo fulani kuhusu duka lenyewe.

Marekani saa 20 hizo ni za ndani ya chuo: maktaba, mgahawa wa chuo, maabara, mapokezi ya bweni. Nje ya geti unahitaji kibali maalumu, ambacho hutolewa kwa mafunzo ya kazi yanayohusiana na kozi, au kwa shida ya kiuchumi iliyotokea ghafla baada ya kusoma mwaka mmoja. Kubeba boksi kwenye ghala la mjini, kule ambako hekaya nyingi za diaspora zimezaliwa, hakumo kabisa.

Ujerumani huhesabu siku. Tangu Machi 2024 mwanafunzi asiye wa Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, kutoka 120 na 240 za awali, au saa 20 kwa wiki ndani ya muhula. Kazi za usaidizi chuoni hazimo katika hesabu hiyo. Finland tangu 2022 inaruhusu saa 30 kwa wiki, na huko ndiko wastani unakubalika. Canada ni saa 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili tangu Julai 2023. Ushauri wa binamu aliye Helsinki hauwezi kumwokoa aliye Leeds.

Tupige hesabu

Chukua mwanafunzi wa Uingereza, nje ya London, mwaka wa masomo wa 2025. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kuanzia Aprili mwaka huo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244.20 kwa wiki. Tuseme amepata kazi siku aliyotua, hakuugua, hakukosa zamu kwa wiki 39, yaani miezi tisa. Atapata pauni 9,524. Serikali hiyohiyo, kwa kiwango cha Januari 2025, ilimtaka aoneshe pauni 10,224 za kujikimu kwa miezi hiyohiyo tisa. Kwa maneno mengine, saa zote halali hazifikishi hata kile ambacho serikali yenyewe inasema ni gharama ya kula na kulala.

Tumpe nafuu zaidi. Awe wa shahada ya kwanza, na katika wiki sita za likizo za Krismasi na Pasaka afanye saa 40. Jumla inafika pauni 10,989. Ondoa za kujikimu, zinabaki pauni 765. Ada ya mwanafunzi wa kigeni mara nyingi huzidi pauni 15,000 kwa mwaka. Pauni 765 ni kama sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho. Akiwa London, ambako za kujikimu kwa kiwango hichohicho zilikuwa 13,347, anabaki na deni kabla hajaitaja ada.

Marekani picha ni kali zaidi. Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Majimbo mengi hulipa zaidi, lakini pale kinapotumika, saa 20 ni dola 145 kwa wiki.

Ujerumani hesabu inageuka. Siku 140 za saa nane ni saa 1,120. Kwa kima cha chini cha euro 12.82 cha mwaka 2025, hizo ni euro 14,358 kabla ya makato. Akaunti maalumu ambayo mwombaji hutakiwa kuijaza kabla ya viza ni euro 11,904 kwa mwaka, naye huruhusiwa kuchota 992 kwa mwezi. Saa za kazi zimezidi kujikimu, na vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Tofauti zipo: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Gharama ya Ujerumani ipo kwingine. Ipo katika lugha, kwa sababu kazi ya mgahawani au dukani bila Kijerumani ni ngumu kuipata, na ipo katika ile akaunti, ambayo inatakiwa ijae kabla hujapanda ndege. Hata hivyo, kati ya nchi tulizozipigia hesabu, ni hapa tu ambapo sentensi ya kikaoni inakaribia kuwa kweli.

"Mbona fulani aliweza?"

Hesabu hizi zikitajwa, kuna anayeinua mkono: jirani yetu alikwenda 2022, alilipa ada yote kwa kazi na sasa anajenga Kibaha. Inawezekana ni kweli. Ila aliyekwenda 2022 aliingia kwa mlango mwingine.

Canada, kati ya Novemba 2022 na Aprili 2024, iliondoa kabisa kikomo cha saa kwa wanafunzi wengi kwa sababu viwanda na maduka yalikuwa yanalia uhaba wa watu. Australia ilifanya hivyo kuanzia Januari 2022 hadi Juni 2023. Uingereza wakati huo mwanafunzi wa uzamili aliweza kwenda na mwenzi wake, na mwenzi huyo aliruhusiwa kufanya kazi muda wote. Familia nyingi zilisoma kwa mtindo huo: mmoja darasani, mwingine ghalani.

Kisha upepo ukageuka. Kuanzia Januari 2024 Uingereza ilizuia wanafunzi kuja na wenzi na watoto, isipokuwa wa shahada za utafiti kama uzamivu na wachache wanaofadhiliwa na serikali. Mwezi huohuo Canada ilipandisha fedha za kujikimu kutoka dola 10,000, kiwango kilichokuwa kimekaa miaka mingi, hadi 20,635, ikaweka ukomo wa idadi ya vibali na kudai barua ya uthibitisho kutoka jimboni. Septemba 2025 kiwango kikafika 22,895. Australia mwaka 2024 ilipandisha ada ya viza kutoka dola 710 hadi 1,600, na mwaka uliofuata hadi 2,000.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mwenyeji ameiandika methali hiyo katika kanuni, akaongeza kwamba akishapona anakaza tena komeo. Saa za mwanafunzi zinafuata haja ya soko la ajira la mwenyeji na kelele za wapiga kura wake. Ndiyo maana ushuhuda wa aliyetangulia, hata akiwa mkweli kiasi gani, huchacha haraka kuliko maziwa. Muulize alikwenda mwaka gani kabla hujamuuliza alifanyaje.

Kisa cha Eldoret

Afrika Mashariki inao mfano wake wa hadharani. Kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya ilikuwa na mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada. Familia ziliuza mashamba na ng'ombe, zikafanya harambee, zikapitisha ada katika mikono ya mpango. Mwaka 2023 vyuo vya Finland vikasema ada za baadhi ya wanafunzi hazijafika, na vijana waliokwisha kukaa huko wakakabiliwa na hatari ya kupoteza nafasi zao, na pamoja nazo haki ya kuwepo nchini. Agosti mwaka huo wazazi waliandamana Eldoret wakidai fedha zao. Suala likafika Seneti na mahakamani, na hukumu juu ya nani alikosa ni kazi ya mahakama.

Kwa mada yetu kisa kile kina somo jingine. Finland ina saa 30, nyingi kuliko nchi zote tulizozitaja, na wastani wake unasamehe wiki yenye zamu nyingi. Bado saa hizo hazikutosha kuziba ada iliyokwama. Hadhi ya mwanafunzi imesimama juu ya usajili, usajili umesimama juu ya ada, na kazi imesimama juu ya hadhi. Ada ikikosekana, haki ya kufanya kazi nayo inaondoka, palepale mtu anapoihitaji kuliko wakati wowote. Wanaofikiri kazi italipa ada wameipindua ngazi.

Kazi ya kweli ipo mwisho wa kozi

Kama kuna fedha ya kurudisha mtaji wa familia, kwa kawaida huja baada ya kuhitimu. Marekani hutoa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosoma, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa 24. Ila katika ile 12 ya kwanza huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Uingereza ina viza ya wahitimu ya miaka miwili, mitatu kwa wenye uzamivu. Watakaoomba kuanzia Januari 2027, wasio na uzamivu watapewa miezi 18. Canada hutoa kibali cha miezi minane hadi miaka mitatu kulingana na urefu wa kozi, na kwa kozi nyingi zisizo za shahada sasa fani uliyosoma hutazamwa. Ujerumani hutoa miezi 18 ya kutafuta kazi, na katika muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Nayo ina gharama na masharti yake. Viza ya wahitimu ya Uingereza, kwa viwango vya 2025, ni pauni 880 pamoja na tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni pauni 2,950. Na hapa ndipo zile saa sita za ziada au vichwa vya nywele vya Jumamosi vinaporudi kudai. Ofisa anayepitia ombi la pili anaweza kuiona kumbukumbu ya kodi ya miaka ya masomo. Aliyevunja sharti kwa ajili ya pauni sabini amehatarisha miaka miwili ya mshahara kamili.

Kwa anayepanga kurudi, karatasi zina mwendo wake. Mtanzania hutakiwa kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili shahada ya nje itambuliwe. Ni busara kuulizia chuo na kozi kabla ya kulipa, maana kuna watu wamerudi na vyeti vinavyong'aa visivyotambulika.

Neno kwa kikao

Wakala hulipwa kamisheni na chuo ukishasajiliwa. Kwa hiyo maneno yake yana ukomo: barua ya kukubaliwa anaijua, siku yako ya mia moja kule haimhusu. Siku hiyo inaihusu familia, nayo ina maswali manne ya kujibu kabla daftari la michango halijafunguliwa. Ada ya kozi nzima, siyo ya muhula wa kwanza, inatoka wapi? Fedha za kuonesha zipo katika akaunti ya nani, na zimekaa siku ngapi? Saa za kazi za nchi hiyo, zikizidishwa kwa kima chake cha chini, zinafika wapi ukilinganisha na kiasi ambacho nchi yenyewe inasema ni cha kujikimu? Na kanuni tunayoitegemea tumeisoma kwenye tovuti ya serikali husika mwezi huu, au tumeisikia kwa mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita?

Saa 20 zina thamani yake. Zinalipa nauli, mboga, koti la baridi, na kumfundisha kijana kuishi kwa jasho lake katika nchi ya watu. Zitumike kwa hayo. Kama ada ya kozi nzima haionekani mezani leo, basi mezani yabaki mambo matatu: nchi isiyotoza ada, ufadhili, au kusubiri mwaka mmoja zaidi nyumbani. Mwaka wa kusubiri Tabata ni nafuu kuliko muhula mmoja wa kukimbizana na ofisi ya ada ukiwa ughaibuni.